Maswali Matatu kwa Dada Wayua

Matiliku
Jumapili, 11 Februari 2024
Asubuhi: mawingu mepesi juu ya kilima cha Nzaui, baridi kidogo, hakuna mvua.

Dada Wayua,

Nakusalimu wewe na mwaitu, mama yetu. Sisi huku tu wazima. Mume wangu Musyimi amemaliza kupura ndengu na kikohozi kimempungukia. Wasichana wako shuleni. Nthenya ameanza kidato cha pili, na amerefuka hadi sare ya mwaka jana imekuwa kama ya kuazima.

Mjomba Mulwa alituamuru tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunakatizana kabla sentensi haijafika mwisho. Alisema mkono unachoka mapema kuliko ulimi. Nimetii. Gabow, yule mnunuzi wa mbuzi, hupita Mutomo kila wiki mbili akienda soko la Emali, na Musyimi huenda Emali siku hiyo hiyo. Gabow amekubali kubeba barua zetu bila malipo. Anasema barua haili majani.

Mimi ni karani wa zahanati, kama ujuavyo. Kazi yangu ni kuandika nani ameingia, saa ngapi, na ametoka akiwa katika hali gani. Nitakuandikia vile ninavyoandika shajara yangu: tarehe, hali ya hewa, kisha jambo lenyewe. Shajara huifunga kwa saa ya kulala, lakini hiyo nitaibakisha kwangu.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ya kumzika baba nilikusema mbele ya watu. Sikupanga wasikie, lakini sijayafuta maneno yale. Kwa wiki tatu kila nilipopiga simu ulinijibu, "Baba yuko sawa, Bwana asifiwe." Wiki ya nne niliitwa kuchagua jeneza. Kwa hiyo sasa nikikuuliza mwaitu anaendeleaje, niambie alivyo. Usiniambie unavyotamani awe.

Mdogo wako,
Mutindi


Mutomo
Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ule wa kusimama wima kama watoto kwenye gwaride. Huku jua ni kali na mbuzi wanakula hata magunia, lakini tuna maji na tuna uzima.

Mwaitu anakula vizuri. Jana alimaliza bakuli zima la mahindi ya muthokoi akaomba lingine. Asubuhi tunaimba pamoja, yeye anashika ubeti wa kwanza, mimi naunga. Anacheka kwa furaha, Mutindi. Hajacheka hivi tangu baba aanze kuugua. Nyumba hii imejaa furaha ya Mungu, na nimeamua kuishi katika furaha hiyo, siku baada ya siku. Ni furaha isiyotoka kwa watu.

Simu yangu hushinda imezimwa, usiwe na wasiwasi. Kwaya nimepumzika kidogo, nitarudi.

Juzi mwaitu alimkumbuka yule mbuzi mweupe wa baba aliyeliwa na fisi tulipokuwa watoto. Nilishangaa kwamba bado yuko moyoni mwake. Wewe unamkumbuka?

Msalimie Musyimi na wasichana.

Dada yako katika furaha,
Wayua


Matiliku
Jumapili, 24 Machi 2024
Asubuhi: mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, ikakata saa moja. Matope mlangoni.

Dada Wayua,

Salamu kwenu. Tumepanda mahindi na mbaazi. Ng'ombe amezaa ndama dume, Musyimi hajapenda. Wasichana hawajambo.

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikahesabu. Umeandika furaha au neno la ukoo wake mara sita katika ukurasa mmoja na robo. Dada, kule zahanati mtu aliyepona hasemi amepona mara sita. Anayesema mara sita ni yule anayetaka nimruhusu aende nyumbani kabla daktari hajamwona.

Kuna jambo lingine. Katika barua nzima mwaitu hakumsalimu Nthenya. Unajua alivyofurahi nilipompa mtoto wangu wa pili jina lake. Tangu siku ile hajawahi kuachana nami bila kumuulizia wajina wake, hata siku ya matanga, akiwa amevimba macho. Sasa amemaliza bakuli zima la muthokoi na kuomba lingine, ameimba, amecheka, na hakumkumbuka?

Halafu Gabow amezungumza na Musyimi. Hakuwa na nia ya kuchongea, aliulizwa tu mbuzi ni bei gani Mutomo na habari za kwetu. Akasema kuimba kwenu kunasikika hadi barabarani, lakini geti lina kufuli mchana kutwa, na alipoleta barua uliipokea kwa juu ya ua, hukufungua. Yeye alidhani ni desturi ya kanisa lenu.

Nakuomba ujibu maswali matatu, moja moja:

Kwanza, kwa nini geti lina kufuli?
Pili, kwa nini mwaitu hakumsalimu wajina wake?
Tatu, ni nini unachonificha?

Mutindi


Mutomo
Tarehe 28 Aprili

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Samahani nimechelewa. Mvua ilikata njia, Gabow hakupita wiki tatu, na nilipokuwa na nafasi ya kuandika sikuwa na nguvu, nilipokuwa na nguvu sikuwa na nafasi. Ndengu zimeota vizuri. Paa la jikoni lilivuja, nimeliziba.

Ndama dume pia ni zawadi, mwambie Musyimi.

Kufuli ni kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Wameingia mara mbili wakamaliza sukuma wiki yote.

Mwaitu anamsalimu sana Nthenya mdogo. Anasema asome kwa bidii, amheshimu mwalimu.

Umenihesabia furaha zangu. Sikukasirika, nilicheka peke yangu hadi mwaitu akaniuliza nimeona nini. Lakini nikuambie kitu kimoja. Katika Biblia wako watu wawili waliofungwa minyororo gerezani, na usiku wakaimba. Hawakuimba kwa sababu hawakuiona minyororo.

Kuhusu yule mbuzi mweupe hukunijibu.

Wayua


Matiliku
Jumapili, 2 Juni 2024
Asubuhi: ukungu hadi saa tatu, kilima hakionekani. Baridi.

Dada Wayua,

Salamu. Mahindi yametoa mbelewele. Musyimi ameuza ndama. Nthenya amekuwa wa nne darasani.

Niliuliza maswali matatu. Umejibu mawili na la tatu umelipita kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Hata hayo mawili uliyojibu si kweli.

Mwaitu hajawahi kumwita mtoto wangu "Nthenya mdogo". Hajawahi hata siku moja. Anamwita Mimi, kwa kuwa jina lao ni moja. Huuliza, "Mimi yuko wapi? Mimi amekula?" Watoto wenzake walikuwa wakimcheka kwa jina hilo. Wewe mwenyewe umesikia, labda umesahau kwa sababu hukuwa ukisikiliza. Kwa hiyo salamu ile uliitunga wewe, ukaniletea kwa jina la mama yetu. Nimeikunja nikaiweka ndani ya shajara, ukurasa wa 2 Juni, iwe ushahidi.

Na mbuzi wa jirani hawafungiwi kwa kufuli. Mbuzi hana ufunguo wala vidole. Kufuli ni kwa mtu.

Tena nimekutana na Mutanu, yule wa ushirika wa akina mama wa kwetu, alikuja huku kwenye arusi ya mpwa wake. Alinisalimia vizuri, kisha akatazama chini. Akasema mwaitu hajaonekana kanisani tangu Krismasi. Wewe umeacha kwaya, umeacha ushirika, na akina mama walipokuja kuwaombea uliwashukuru ukiwa getini. Sasa watu wanawaita "wale wa kufuli". Akaniuliza kwa sauti ndogo kama umejiunga na maombi ya wale wanaofungia wagonjwa ndani wakisubiri muujiza. Unajua ni aibu gani, mtu wa nje kukuuliza habari za mama yako na wewe huna jibu?

Basi nimeamua. Jumamosi tarehe 20 Julai nitakuja na Musyimi na mjomba Mulwa, kwa gari. Tutamkuta mwaitu alivyo, na tutamleta Matiliku, ambako geti letu linafungwa kwa kamba tu. Kama yuko hai na ni mzima, utanicheka. Kama si hivyo, Wayua, maneno yale ya makaburini yatakuwa ni salamu tu.

Kuhusu mbuzi, sioni mbuzi anahusika vipi.

Mutindi


Mutomo
Tarehe 23 Juni

Mutindi,

Njoo. Lakini njoo peke yako. Usije na gari wala na mjomba. Ukishasoma hapa chini utaelewa, na kama hutaelewa, njoo na gari.

Swali la kwanza. Kufuli ni kwa ajili ya mwaitu, umesema kweli. Mwezi wa kwanza alitoka alfajiri nikamkuta karibu na mto, amebeba kibuyu, anampelekea baba uji shambani. Mara ya pili alitembea hadi njia panda, bila viatu. Simu ikilia anadhani ni baba anaitwa, anaanza kumtafuta chumba hadi chumba, ndiyo maana naizima. Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni akili inayozeeka kabla ya mwili, dawa zipo za kumtuliza, za kumrudisha hakuna. Akina mama wa ushirika wakija wengi kwa pamoja anatetemeka, anajificha nyuma ya kitanda. Nilikosa maneno ya kuwaambia. Nikawashukuru getini.

Swali la pili. Hamkumbuki Nthenya wako. Niliitunga salamu ile, nisamehe. Niliona ni heri uongo mdogo kuliko mtoto kuambiwa bibi yake amemsahau. Ni kosa, nakubali. Jina la Mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilipolisoma kwako nilikaa chini.

Swali la tatu ndilo gumu, naliandika polepole.

Mwaitu ananiita Mutindi.

Ilianza mwisho wa Januari. "Mutindi, leta maji. Mutindi, umechana nywele?" Nikamwambia, mwaitu, mimi ni Wayua. Akanitazama, mimi niliyebaki naye, akasema Wayua aliolewa mbali, hajali mtu, na akaanza kulia kwamba nimempoteza Mutindi wake. Kwa wiki mbili nilimsahihisha kila siku, na kila siku alilia kana kwamba amepata habari za msiba. Mimi ndiye ninayemwosha, ninayempikia, ninayelala mguu mmoja nje ya blanketi nisikie mlango. Na shukrani zote anakupa wewe. Niliona wivu, Mutindi. Wivu mbaya. Hiyo ndiyo niliyokuficha. Mwaitu sikumficha, nilijificha mimi. Ningekuandikia nini, kwamba mama ametusahau sote na kukukumbuka wewe, na baada ya maneno yako ya makaburini?

Na baba, kwa kuwa tumefika huko: alinikataza. Alisema, "Mutindi ana mtihani wa kazi, usimsumbue, nitapona." Unaijua sauti ya baba. Nilimtii yeye nikakukosea wewe.

Asubuhi moja ya Februari nilikaa kwenye jiwe la kufulia nikalia hadi sabuni ikanikauka mikononi. Nilimwambia Mungu kwamba sitaki tena. Mwaitu ndani akaita, "Mutindi!" Nikajiona nina mambo mawili tu ya kuchagua: niingie nikiwa Wayua aliyesahauliwa, au niingie nikiwa yule anayependwa. Nikajifuta nikaitika, "Naam, mwaitu." Alifurahi, nami nikamwona akifurahi, na kitu kikashuka kifuani. Tangu siku hiyo, kabla sijasukuma mlango wake nasimama kidogo, nasema, Bwana, leo tena nachagua. Halafu naimba. Siku nyingine naimba vibaya. Siku nyingine nachagua saa moja na ikifika saa tatu nimeshasahau, narudi nje nachagua upya.

Umenihesabia sita. Zilikuwa za kujikaza, si za kukudanganya.

Nimechoka, mdogo wangu. Nakuomba tubadilishane wiki mbili. Wewe uje Mutomo, mimi nije Matiliku nilale. Ukiona haiwezekani, tuzungumze habari ya kumhamisha. Lakini mwone kwanza. Akiamka asijue yuko nyumba gani, nani atampata njiani huko?

Wayua


Mutomo
Jumapili, 21 Julai 2024
Asubuhi: upepo wa vumbi, anga safi, baridi ya kukausha midomo.

Dada Wayua,

Natumaini Musyimi amekupa chumba cha nyuma, kile kisichosikia jogoo. Ningeweza kukupigia simu, lakini haya hayasemeki kwenye simu. Gabow anapita kesho.

Nilipofika jana nilikukuta umesimama getini na mkoba tayari, na nilikuona ulivyokonda. Sikusema kitu. Hiyo nimeiandika kwenye shajara kama kosa langu la kwanza.

La pili lilikuwa saa kumi na moja jioni. Niliingia na beseni. Mwaitu akauliza, "Mutindi wangu yuko wapi?" Nikasema ndiye mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilijiambia akiniona uso atanijua, kwamba wewe ulikuwa umekaimu tu. Akanitazama kuanzia kichwani, akafika chini, akasema, "Mutindi hana viatu kama hivi." Nikasema tena ni mimi. Akaanza kutetemeka. Akasema Mutindi ndiye anayemwosha, Mutindi anaimba, na mimi ni mwizi wa majina.

Nilitoka nje. Nilisimama mlangoni pale unaposimama wewe, najua ni hapo, ardhi imelika. Niliona wivu uliotajwa katika barua ya nani? Ya kwako. Niliuona kwa macho yangu. Jina langu lilikuwa ndani ya nyumba, linapendwa, na mimi nilikuwa nje.

Sikuomba vizuri. Nilisema tu, Bwana, nachagua, lakini sijui ninachagua nini. Kisha nikaingia nikasema, "Mwaitu, ni mimi Wayua. Nimekuja."

Akasema, "Umenenepa huko ulikokuwa." Nikasema ndiyo. Akasema nilikaa sana. Nikasema ndiyo. Akaniruhusu nimwoshe miguu. Nikajaribu kuimba, akacheka hadi akashika mbavu. Akasema, "Wayua alikuwa na sauti, ndoa imeiharibu." Dada, nilicheka na mimi. Sikutegemea.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa nikimkausha vidole alishika mkono wangu. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani kabisa. Nimeandika maneno yake papo hapo, haya hapa kama alivyoyasema:

"Wayua, yule mbuzi mweupe. Nilikuchapa bure. Aliyeacha zizi wazi ni mdogo wako. Niliona nyayo zake asubuhi. Lakini alikuwa ametoka tu kuugua, nikaogopa baba yako atampiga. Nikakuacha ubebe. Na kwenda kuimba Kitui na wenzako nikakunyima. Nimelibeba hili mpaka mikono imezeeka. Unisamehe."

Maneno hayo si yangu. Nakutumia wewe mwenyewe, halijapungua hata moja.

Na haya ndiyo yangu. Zizi niliacha wazi mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisikia ukichapwa nikajifanya nimelala, na asubuhi ukaenda shule unachechemea na hukunitaja. Uliponiuliza kama namkumbuka mbuzi, nilimkumbuka hadi rangi ya kwato. Miaka thelathini na moja nimekuita wewe mtu wa kuficha. Nilikuwa nakukagua wewe ili nisijikague mimi.

Mwaitu anasubiri jibu. Leo ameniuliza mara mbili, "Wayua, umesema nini?" Siwezi kusamehe kwa niaba yako, ingawa jina nimelichukua. Nimemwambia namtafuta mwenye jibu. Uniandikie nimwambie nini.

Kufuli nimeliacha pale pale.

Mutindi


Matiliku
Jumapili, 28 Julai
Asubuhi: nimechungulia dirishani kama unavyofanya wewe. Ukungu, halafu jua. Kuna ndege wengi kwenye michungwa yako.

Mdogo wangu Mutindi,

Salamu kutoka nyumbani kwako. Musyimi anapika chai nyepesi, nimemwonyesha. Wasichana wananitunza kama mgeni wa mchungaji. Nilimweleza Nthenya kila kitu, bila kutunga. Akasema, "Sawa, basi mimi nitamkumbuka yeye." Ndiyo salamu yake, mfikishie.

Mwambie mwaitu hivi: Wayua amesikia. Mwambie nilimsamehe zamani, nikiwa bado sijui kwamba anajua. Ukimwambia, mshike mkono wa kushoto, wa kulia unamuuma.

Na wewe. Nilijua ni wewe. Nilikuona usiku ule ukirudi mbio bila kufunga, uliogopa giza. Nilitaka kuinuka nikafunge, nikaona uvivu kuacha blanketi. Kwa hiyo fisi tulimkaribisha wawili. Usijitwishe peke yako.

Wiki zikiisha nitarudi, na wewe utakuja tena mwezi wa tisa. Gari halihitajiki. Tutakuwa tunabadilishana majina getini.

Ulisema shajara hufungwa kwa saa ya kulala. Sina shajara, naandika hapa. Siku ya kwanza sikulala, niliamka kila mara kusikiliza mlango. Ya pili vilevile, na zilizofuata. Jana barua yako ilifika alasiri, nikaisoma nikiwa nimekaa kitandani, na viatu sikuvua. Nililala saa kumi na mbili na robo jioni, kukiwa bado kweupe.

Wayua